Ndoo ya Samadi

Ndoo ilikuwa nyeupe, ya plastiki, ya aina inayobaki rangi ya ukuta ikiisha, na niliibeba mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia habari hii watu humgeukia mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 13, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mende waliingia nyumbani kwa mkono wake, ndiyo, tena kwa ruhusa yangu. Kutoka, walitoka kwa mkono wangu.

Tunakaa Phoenix, jimbo la Arizona, katika jengo la ghorofa moja lenye ua wa saruji katikati. Sisi tuko juu. Chini yetu anakaa mama mmoja wa Kikongo, mzaliwa wa Fizi, aliyelea watoto wake katika kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Mimi ni mtu wa Kigoma, na Nyarugusu iko Kasulu, mkoa wetu huohuo. Siku ya kwanza tulipopishana kwenye ngazi tukasikilizana lafudhi, tulijua tumepata ndugu. Alikuwa anapanda lengalenga kwenye ndoo nje ya mlango wake, ule ambao sisi tunauita mchicha, na kila akivuna hakukosa kutuletea fungu. Mke wangu naye alimshushia dagaa kila mgeni alipotuletea mzigo kutoka nyumbani. Lakini mchicha ulipanda mara nyingi kuliko dagaa walivyoshuka, na nikawa naona haya. Deni hilo la mboga ndilo lililonifanya nibebe ile ndoo.

Mjusi alikuja kwanza. Mwanangu alipewa na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anahamia jimbo jingine. Si mjusi kafiri wa ukutani. Ni mjusi wa asili ya Australia, mpana, wa rangi ya mchanga, ambaye Wamarekani humwita joka mwenye ndevu kwa sababu ya miiba ya kidevuni anayoitunisha na kuifanya nyeusi akiudhika. Akishakomaa chakula chake kikubwa ni majani. Akiwa mdogo, kama alivyokuwa huyu, anataka wadudu hai kila siku, tena wengi.

Tulianza na nyenje wa dukani. Walilia usiku kucha, walinuka, na nusu yao walikufa kabla ya kuliwa. Nyenje wana shida zao kubwa zaidi pia: mwaka 2009 na 2010 kirusi kiliingia katika mashamba ya nyenje ya Marekani Kaskazini kikayaua kwa wingi, hata baadhi ya mashamba yakafungwa, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowasukuma wafugaji wa mijusi kutafuta mdudu mwingine. Mdudu huyo ni mende. Halii, hanuki akitunzwa vizuri, ana nyama, na anazaliana sandukuni bila wewe kwenda dukani kila wiki.

Kwetu pwani na bara mende huitwa pia kombamwiko, na mtu aliyempa jina hilo alikuwa amemkuta jikoni usiku akikomba mwiko. Mke wangu hakutaka kusikia. Alisema tangu akiwa mtoto kazi yake ilikuwa kuwapiga hao kwa ndala, sasa vipi awalipie umeme wa kuwapa joto? Mwanangu akamweleza kwa subira kwamba wanaofugwa kwa ajili ya mijusi si yule mdogo wa kabatini. Wanaouzwa sana ni aina mbili. Mmoja ni dubia wa Amerika Kusini, mnene, mzito, asiyekimbia sana. Wa pili ni mwembamba, mwekundu akiwa mchanga, mwepesi ajabu, na wauzaji humwita mkimbiaji mwekundu. Huyu wa pili alikuwa na bei nafuu, alizaliana upesi, na mjusi alipomwona akikimbia alimfukuza kwa furaha. Tukamchukua yeye. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza huyu mkimbiaji anatoka wapi, wala kama anaweza kuishi nje ya mlango wetu.

Nitalieleza sanduku la mwanangu kwa urefu, maana lilikuwa zuri na anayetaka kufuga anaweza kuliiga.

Lilikuwa kontena la plastiki lenye kuta ndefu na laini. Kwenye mfuniko alikata dirisha la ukubwa wa daftari, akaliziba kwa wavu wa chuma. Si wa nailoni, kwa sababu mende hutafuna nailoni mpaka apate njia. Chini kidogo ya ukingo, kwa ndani, alipaka mafuta ya mgando, mkanda wa upana wa vidole vinne kuzunguka pande zote. Mende wa aina zile mbili hawawezi kupanda plastiki laini, ila ukuta laini hubaki laini ukiwa safi tu. Vumbi la kinyesi likishika, au maji ya karoti yakikaukia pale, mdudu hupata pa kukanyaga, na wa kwanza kupata ni yule mdogo kabisa. Kwa hiyo kila Jumamosi alifuta kuta na kupaka mafuta upya. Trei za mayai, za karatasi, alizisimamisha wima ili kinyesi kidondoke chini kisilundikane juu yake, na alizikata zisifike karibu na ukingo. Mkeka wa joto aliuweka ubavuni, ukiongozwa na themostati. Sanduku zima lilikaa ndani ya beseni kubwa zaidi, na kwenye pembe nne za meza alitega mitego ya gundi, ile ya kunasia panya na wadudu. Mitego ile haikuwekwa kuwazuia, aliniambia, ilikuwa mashahidi. Kila asubuhi kabla ya shule aliikagua.

Wakati wa kulisha hakuwamwaga kwenye makazi ya mjusi. Aliwashika kwa koleo mmoja mmoja, akawatia kwenye bakuli refu la kioo, akahesabu waliotiwa na akahesabu waliobaki. Kama walitiwa 15 na mjusi akala 11, wanne walirudi sandukuni kabla hajalala. Miezi saba mitego ile haikunasa hata mmoja. Niliwaonyesha wageni. Nilijivunia mtoto wangu, na hata leo najivunia.

Sasa kinyesi. Chini ya zile trei hujikusanya unga mkavu mweusi, kama majani ya chai yaliyosagika, wenye ngozi za wadudu waliojivua. Wakulima wa bustani huupenda. Kuna watu wanaununua. Mwanangu alikuwa anautia kwenye mfuko, anaufunga mafundo mawili, anaupeleka kwenye pipa la taka. Hakuniambia kwa nini, na sikumuuliza. Nikamwambia asitupe mali. Nikachukua ile ndoo nyeupe, nikaiweka roshani, tukawa tunamimina humo. Mwisho wa Mei 2023 ilikuwa imejaa nusu. Kabla ya kuishusha nilichota kwa kikombe, nikamwaga juu ya gazeti, nikatazama vizuri kwenye mwanga wa jua. Hakuna kilichotembea. Nikaridhika, nikashuka nayo.

Nilitafuta kinachotembea. Mayai hayatembei.

Mkimbiaji mwekundu jike hazai vitoto hai. Hutaga kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko harage, na ndani yake mna mayai kama 17. Hubeba kifuko kwa muda mfupi, kisha hukiangusha kwenye vumbi, chini ya trei, popote penye giza, akaenda zake. Kifuko kimoja ukikitazama katikati ya ngozi kavu na vipande vya trei hukitofautishi na takataka nyingine. Dubia ni tofauti: jike hukibeba kifuko ndani ya mwili wake na vitoto hutoka hai, ishirini na kitu kwa mara moja, kwa hiyo huachi mayai nyuma ukisafisha. Tofauti hii peke yake ingetosha kutuchagulia mdudu, na mtu yeyote anayeuliza leo aanze na aina gani, namwambia hilo kabla sijazungumza bei.

Mama alifurahi. Alichanganya samadi na udongo wa ndoo zake zote nane. Mchicha ulikolea rangi, na ndani ya wiki chache alituletea mafungu mawili badala ya moja.

Kisha lilikuja lile joto. Kuanzia tarehe 30 Juni mpaka 30 Julai mwaka ule, siku 31 mfululizo, mchana wa Phoenix ulifika au kupita nyuzi 43. Ukigusa kitasa cha mlango wa nje unaungua. Mboga zake zikaanza kukauka wima, na yeye, kama mkulima yeyote angefanya, akaziokoa: aliingiza ndoo zote sebuleni, chini ya dirisha. Ndani mlikuwa na kiyoyozi, kivuli, na udongo ulionyweshwa kila jioni. Kwa binadamu palikuwa pahali pa kupumzikia. Kwa vilivyokuwa vinaanguliwa ndani ya udongo ule palikuwa hivyohivyo.

Jioni moja aligonga mlango wetu. Hakuingia. Alisimama kizingitini akisema kwa sauti ya chini:

"Papa, kuko kitu inatembea mu lengalenga yangu."

Nilishuka na tochi. Alikuwa amekwisha kuosha kabati zote kwa jiki. Harufu ilinichoma macho. Alikuwa amehamisha unga, mchele na sukari na kuvifungia kwenye mifuko. Alikuwa amepiga deki mara mbili siku ile. Nikainamia ndoo ya kwanza, nikasogeza majani, nikaona vitoto vyekundu, vyembamba, vyepesi, vikikimbilia chini ya udongo kwa mwendo ninaoujua. Ukitazama sebuleni kwetu kila siku kwa miezi saba huwezi kukosea.

Yeye akaniangalia akaniomba nisimwambie mtu. Alisema hajawahi kuwa na uchafu nyumbani, hata kambini, hata kwenye hema. Alisema msimamizi wa jengo akijua atasema Waafrika ndio walioleta. Aliona aibu mbele yangu.

Ningesema palepale. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Badala yake nilimwambia asijali, wadudu wapo kila mahali wakati wa joto, nikapanda ngazi. Siku tatu nilinyamaza. Katika siku hizo tatu alitoa ndoo mbili nje kwenye ua, mtoto wake mkubwa akampa rafiki yake wa jengo la jirani ndoo ya tatu, na mimi nikakaa juu nikijiambia kwamba nafikiri namna nzuri ya kulieleza jambo. Kama kuna sehemu ya habari hii ninayotamani nirudishiwe, ni siku hizo tatu. Ndoo niliishusha kwa kutojua. Kunyamaza nilinyamaza nikijua.

Aliyenitoa humo ni mwanangu. Alirudi kutoka uani na chupa ndogo ya kioo, ndani yake kitoto kimoja, akaiweka mezani mbele yangu. "Baba, huyu ni wa kwetu." Nikamwambia huenda ni mwingine. Akasema hapana, na mitego yangu haina kitu, kwa hiyo sijui wametokaje. Alikuwa amekwisha kutoa trei zote, amekagua wavu kwa kidole, amepima mkanda wa mafuta kwa rula. Alikuwa anajilaumu. Basi nikamwambia habari ya ndoo.

Tulishuka watatu, mimi, mke wangu na yeye. Mtoto aliamkia, "Shikamoo, mama," akaketi chini kwenye mkeka bila kuambiwa. Nilisema yote kwa mpangilio: wadudu ni wetu, samadi ilikuwa na mayai, nilijua tangu jioni ile, nikanyamaza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakunijibu mimi. Alimwambia mke wangu kwamba mtoto wake mdogo ana pumu, na kwamba kila wakienda kliniki muuguzi huwauliza maswali yaleyale: nani anavuta sigara nyumbani, kuna paka, kuna mende. Mwezi Juni alijibu hakuna mende. Alijibu kweli.

Muuguzi hakuuliza swali lile kwa mazoea. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto 476 wenye pumu katika maeneo manane ya miji ya Marekani. Wale waliokuwa na mzio wa mende, na wakati huohuo vumbi la chumba chao cha kulala likawa na chembechembe za mende kwa wingi, walilazwa hospitali zaidi ya mara 3 kuliko watoto wengine. Wale walikuwa mende wa jikoni. Lakini kinacholeta mzio ni kinyesi, mate na ngozi zilizovuliwa, na hivyo kila mende anavyo. Watu wanaofuga mende kwa miaka, hata maabara, hupata mzio wao wenyewe. Na mimi nilikuwa nimempelekea mama wa mtoto mwenye pumu nusu ndoo ya kinyesi na ngozi, akakichanganya kwa mikono mitupu, kikaja kukaa sebuleni kwake. Hata kama yai moja lisingekuwemo, zawadi ile haikufaa.

Tulimwambia msimamizi wa jengo siku ileile. Mpiga dawa alikuja kesho yake, mzee mpole wa Kimeksiko, akaomba kuona chupa ya mwanangu. Alimtambua mara moja: mende wa Turkestan. Akatushusha mpaka ukingo wa barabara, akafunua kifuniko cha saruji cha kisanduku cha mita ya maji, akamulika. Walikuwa wamejaa. Wengine wakubwa, jike wa kahawia nzito mwenye mistari ya rangi ya maziwa ubavuni, dume mwembamba wa manjano mwenye mabawa marefu. Hawa, alisema, walikuwepo kabla ya ndoo yako.

Nikaenda kusoma. Mende huyu asili yake ni Asia ya Kati na Mashariki ya Kati. Marekani alionekana mara ya kwanza mwaka 1978 katika bohari ya jeshi ya Sharpe, huko Lathrop, California, na mwaka uliofuata katika kambi ya Fort Bliss, Texas. Inadhaniwa alikuja na vifaa vya jeshi. Tangu hapo amesambaa kusini-magharibi yote. Anapenda visanduku vya mita, nyufa za saruji, marundo ya mboji na vyungu vya maua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walieleza mwaka 2013 kwamba anakua upesi na kutaga zaidi kuliko mende mweusi aliyekuwa akikaa sehemu hizohizo, na anamwondoa. Walitaja pia jambo lililonigusa: anauzwa kwenye intaneti kama chakula cha mijusi, na biashara hiyo inamsaidia kusafiri. Mtu wa jimbo la mbali anayemwagiza kwa posta anapokea kwenye boksi mdudu ambaye zamani, kama inavyodhaniwa, alihitaji vifaa vya jeshi kufika.

Ningeweza kujifariji. Mji mzima anao, basi ndoo yangu ni nini? Lakini visanduku vya mita viko barabarani, na ndoo za mama zilikuwa chini ya dirisha, hatua nne kutoka kitanda cha mtoto. Mende wa barabarani hakupanda ngazi akashuka akaingia kwenye udongo wa mchicha. Mimi nilimpeleka.

Katika kusoma huko nilikutana na habari nyingine, nayo inatoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kule Kaneohe, kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliagiza vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya, wale wanaoitwa vinyonga wa Jackson. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji. Akawaonea huruma, akawaachia kwenye bustani ya nyumba yake wapate nafuu. Wakapata nafuu, wakaondoka. Leo kinyonga wa milima ya Kenya anaishi porini Hawaii, visiwa kadhaa, na anakula wadudu na konokono wa asili ambao hawapo kwingine duniani. Nimeifikiria sana bustani ile. Hakuna mfuniko ulioachwa wazi wala tundu kwenye wavu. Mtu aliona mnyama anateseka akamfanyia wema kwa mkono wake, kama mimi nilivyoona mchicha wa jirani nikataka kulipa fadhila.

Kuwaua wale waliobaki sandukuni ilikuwa kazi ya mwanangu, alikataa nisimsaidie. Yapo mambo watu hufanya wakichoka na mdudu wa kufuga: humwaga jangwani, humimina chooni, huacha sanduku kando ya pipa mwenye kutaka achukue. Yote matatu ni kumwachia. Yeye alifunga sanduku lote, trei na vumbi na vyote, kwenye mifuko miwili mizito, akaiweka kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, akaiacha wiki nzima. Kifuko cha mayai ni kigumu kuliko mende mwenyewe, kwa hiyo usiku mmoja hautoshi. Ndipo tukatupa.

Mpiga dawa alitega dawa ya jeli chini kwa mama na kwenye ua, akatuonya kwamba mende yeyote tutakayemwona nje, hata awe mzuri vipi, asipewe mjusi. Amekula sumu, na sumu itahama. Ndoo zote nane, ikiwemo ile ya tatu tuliyoifuata kwa rafiki wa jengo la jirani, tulizimwaga kwenye mifuko myeusi, tukaifunga, tukaiacha juani kwenye saruji siku tano. Joto la Julai ile lilifanya kazi hiyo vizuri. Lakini lengalenga ya mama yote ilikwenda, pamoja na mbegu alizokuwa anaziotesha tangu alipofika Marekani, zilizotoka Nyarugusu ndani ya kitambaa. Nilimnunulia udongo mpya na mbegu za dukani. Alizipokea kwa mikono miwili. Zilizokwenda hazikurudi.

Mtoto wake alikohoa wiki mbili zile zaidi ya kawaida. Mama alimpeleka kliniki, akarudi na pampu mpya, na hakuniambia zaidi ya hapo, nami sikustahili kuuliza.

Mjusi alikaa miezi miwili akila majani na funza wa kununua. Kisha mwanangu aliomba ruhusa ya kufuga tena, na mke wangu, ambaye nilitarajia akatae, alimwambia amwombe mama wa chini, siyo sisi. Akashuka akaomba. Mama alitaka kuona sanduku. Akalieleza lote, akaeleza dubia hatagi nje, hapandi kioo, na akipata baridi ya chini ya nyuzi 20 huacha kuzaa. Mama akauliza swali moja: uchafu wake unakwenda wapi?

Sasa sanduku liko kama zamani, mafuta ya mgando, wavu wa chuma, mitego pembeni. Akisafisha anavaa barakoa na kufungua dirisha. Anawapa karoti, maboga na majani, protini kidogo tu, kwa sababu mende akishiba protini kupita kiasi huhifadhi asidi ya mkojo mwilini, na mjusi anayemla kila siku huweza kuugua viungo. Hampi mtu wala hauzi hata mmoja, ingawa wenzake shuleni wanaomba. Vitoto vya dubia vinapozaliwa ni vidogo mno, vinaweza kujificha kwenye kinyesi, kwa hiyo kinyesi cha dubia nacho hakitoki nyumbani kikiwa hai. Kinakwenda kwenye mfuko, mfuko unafungwa mafundo mawili, unaandikwa tarehe kwa kalamu nyeusi, unakaa kwenye friza siku saba kabla ya kwenda kwenye pipa.

Mama ameanza tena kupanda, mwaka huu ndoo sita. Jumamosi iliyopita alituletea fungu la kwanza. Mwanangu alikuwa anasafisha. Alilipokea, akashukuru, akanipa mfuko wake nimwekee. Nikaufungulia friza, nikausukuma nyuma, pembeni ya dagaa tuliomtengea.